Ini la Umeme Chini ya Kitanda

Siku ya kumi na tisa ya vumbi, Nakiete Mshana alipiga magoti sakafuni mwa nyumba-gari yake, akabana pua kwa vidole viwili, na kwa mkono uliobaki akafungua kifuniko cha sanduku lililokaa chini ya kitanda cha baba yake. Harufu ilimpata hata hivyo. Ilipitia mdomoni. Ilikuwa harufu ya bucha saa tisa alasiri, siku ambayo nyama haikupata mnunuzi, na ndani yake mlikuwa na utamu fulani, kama wa ndizi zilizoiva zikapitiliza.

Katika maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa, Ini lilikuwa limelala.

Kampuni ya Uhai Nishati ililipatia jina refu lenye namba mwishoni. Watu wa kambi waliliita Ini kwa kuwa ndivyo lilivyofanana: pande la nyama jekundu linaloelekea weusi, laini, lenye kuteleza, ukubwa wa mto wa kulalia. Waya mbili nene za shaba ziliingia ubavuni mwake. Pale zilipoingia palijengeka ukoko wa manjano kila siku, na kijitabu cha maelekezo kilisema ukoko huo ufutwe asubuhi kwa pamba iliyochovywa maji ya chumvi, tena bila hofu ya shoti, maana umeme wote ulitokea kwenye waya.

Nakiete aliufuta. Pamba ilipoinuka ilivuta uzi mrefu wa ute; ukanyooka, ukakatika, kipande kikamrukia kiwikoni. Alikaza meno. Akachukua chupa ya uji, maana ndivyo walivyokiita chakula cha Ini, akamimina nusu lita polepole kwenye tundu la pembeni. Uji ulikuwa wa kijivu, wenye chengachenga. Ini lilivimba kidogo, likanywea, likatoa sauti kama ya mtu anayemeza.

"Linakula?" baba yake aliuliza kutoka juu kitandani.

"Linakula, Baba."

"Basi lina hamu kunishinda mimi."

Mzee Elinihaki alikuwa na miaka sabini na miwili. Thelathini kati ya hiyo aliimalizia kwenye mgodi wa kinywe, yale madini meusi ya penseli, na vumbi la kinywe lilikuwa bado limo kifuani mwake, limekataa kutoka. Mrija mwembamba wa plastiki ulitoka puani mwake hadi kwenye mashine ya hewa iliyonguruma taratibu miguuni pa kitanda. Mashine ile ikizimika, ulikuwapo mtungi mmoja mdogo wa akiba, uliojazwa upya, wa saa mbili. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Nakiete alifunika sanduku, akatoka nje, akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, akatema mate. Utamu ule bado ulikuwa ulimini.

* * *

Asingelikubali sanduku lile kama angekuwa na njia nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa fundi umeme wa magari, na nyumba-gari yake aliitandazia nyaya kwa mikono yake, tangu mwaka ule mchanga ulipofunika nyumba yao ya tambarareni na wao wakahamia kwenye magurudumu kama maelfu ya wengine. Walihama kambi hadi kambi, mahali magari yanapoharibikia. Juu ya paa alikuwa na vioo sita vya jua. Miezi minane ya mwaka vioo vile viliwatosha. Miezi minne, vumbi la maziwa na mabwawa yaliyokauka lilipopanda na kukataa kushuka, jua liligeuka doa hafifu angani, na vioo vyote sita havikuweza kuwasha hata pampu ya maji.

Mwaka huu betri za gari, zote isipokuwa ile ya kuwashia injini, zilivimba na kupasuka wiki ya kwanza. Betri mpya hazikuwa zikipatikana. Nguzo za umeme za kambi zilikuwa zimesimama tu miaka mitatu, ndege wakijengea juu yake.

Ndipo alipokuja Gwakisa, wakala wa Uhai Nishati, kijana mnene mwenye tabasamu la kudumu na glavu mpya mfukoni. Alilibeba sanduku peke yake kwa mpini, kama mtu anayebeba sanduku la safari.

"Huhitaji kufungua ukuta wala kugusa waya hata mmoja, dada," alimwambia. "Una ile soketi ya ubavuni, uliyokuwa ukichomekea waya wa kambi?"

"Ninayo."

"Sanduku linachomekwa hapohapo. Nyumba yako yote, friji, pampu, taa, soketi za ndani, itadhani imeunganishwa na nguzo ya kambi. Ila chaja ya gari uizime kwanza. Ukiiacha, Ini litajichosha bure kuchaji betri zilizokufa."

Alijua anachosema, na hilo lilimpa Nakiete imani kidogo. Alihesabu mzigo wake kwa sauti: mashine ya hewa wati mia tatu, mfululizo, friji sitini, pampu arobaini, kwa dakika chache, taa kumi na tano, birika elfu moja na mia tano.

"Linabeba yote," Gwakisa alisema. "Usiwashe tu birika na pampu kwa pamoja."

"Na ndani mna nini hasa?"

"Nyama ya samaki. Wapo samaki wa mtoni wanaopiga shoti, si unawajua? Tumechukua kile kiungo chao cha umeme, tukakiotesha chenyewe kwenye beseni. Hakina kichwa, hakina tumbo, hakina macho. Ni sawa na nyanya."

Nakiete hakuwahi kuona nyanya inayomeza. Lakini baba yake alikuwa amelala na mtungi wa akiba puani, na mshale wa mtungi ulikuwa umeingia kwenye nyekundu. Alichomeka. Mashine ya hewa ikanguruma. Kifua cha mzee kikapanda, kikashuka, na yeye akamshika Gwakisa mkono kwa mikono yake miwili kumshukuru.

* * *

Kilichomsumbua kwanza kilikuwa hesabu tu.

Fundi mzuri hakubali mita ikimdanganya. Nakiete alikuwa amefunga mita ndogo kwenye waya utokao sandukuni, ajue mzigo unavyokwenda. Kila alipowasha birika, namba ya volti ilishuka kidogo, kama inavyotakiwa. Mzigo mkubwa hushusha volti. Lakini kabla ya kushuka ilipanda. Si sana. Ilipanda, ikatetemeka hapo juu kwa sekunde mbili tatu, halafu ndipo yeye akabonyeza swichi na volti ikaanguka.

Alidhani mita mbovu. Akaleta nyingine. Ikasema yaleyale.

Umeme hauna habari ya kesho. Hakuna kitu katika waya kinachoweza kujua kwamba mtu yuko karibu kubonyeza swichi. Nakiete alisimama na birika mkononi, akakodolea namba zile macho.

"Unafanya nini umesimama hapo kama sanamu?" baba yake aliuliza.

"Baba, nisaidie jambo. Chukua fimbo yako. Nikikaa kimya kabisa bila kutikisika, bonyeza swichi ya pampu hapo ukutani. Usiniambie lini."

Mzee alipenda kupewa kazi. Alingoja kwa muda mrefu, kisha akachokoa swichi kwa ncha ya fimbo. Pampu ikanguruma. Volti ilianguka papo hapo bila kupanda kwanza, na chini ya kitanda pakasikika kishindo laini, kama samaki aliyetupwa kwenye beseni.

Basi Nakiete akatembea. Alitembea kutoka kitini hadi mlangoni: namba hazikutikisika. Akatoka mlangoni hadi kitandani: hazikutikisika. Akageuka, akaelekea jikoni, hatua tatu za kawaida, zile alizopiga kila siku kabla ya kuchemsha maji. Katika hatua ya pili volti ilipanda. Alisimama mbele ya birika bila kuligusa. Namba zilitetemeka, zikaendelea kutetemeka.

Alirudi kitini. Zikatulia.

Alirudia mara tano. Mara ya sita alimwomba baba yake ampigie hesabu ya hatua kwa sauti, si kwa sababu ilihitajika, ila alitaka kusikia sauti ya mtu. Kisha akapiga magoti akafungua kifuniko. Hakubana pua. Ini lilikuwa limejikunja upande mmoja wa sanduku, upande ulio mbali na jiko, na ngozi yake yote ilikuwa ikicheza kwa vijimawimbi vidogovidogo, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi.

Lilikuwa linazijua nyayo zake. Lilikuwa linamwogopa.

Nakiete alifunika sanduku, akatoka nje na mita mkononi.

* * *

Gwakisa alikuja Jumanne asubuhi na katoni ya uji. Alikuta Nakiete amekaa nje kwenye kiti cha kukunja, mita mapajani.

"Kaa, mdogo wangu," alimwambia. "Nieleze kwa nini nyanya inaogopa."

Kijana alicheka. Kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. Alijaribu kusema habari za mtetemo na mzigo wa ghafla, lakini alikuwa akizungumza na fundi, na fundi alimkatisha kila aliposema uongo. Mwishowe alivua kofia akaiweka gotini.

"Yale ya kwanza hayakuwa na mishipa ya fahamu hata kidogo," alisema. "Ilikuwa nyama tupu. Waliyasisimua kwa umeme mdogo ili yatoe mkubwa. Yalikuwa yakifa wiki ya tatu, dada. Yanajimaliza, maana hayajui kupumzika. Kwa hiyo wakayarudishia fahamu kidogo. Kiasi cha punje ya mchele."

"Kiasi cha kuumia."

"Kiasi cha kujiendesha." Alifikicha ukingo wa kofia. "Yule samaki hatoi umeme kwa kupenda. Anatoa akiwinda, au akitishwa. Kuwinda hatuwezi kumfundisha, hana mdomo."

"Kwa hiyo mnamtisha."

"Sisi hatumtishi. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme humo sandukuni, ndiyo inayomtisha. Nyumba ikidai umeme, inveta inapeleka alama. Ile alama, kwa samaki, ni kama... ni kama kitu kikubwa kinakuja. Basi anapiga shoti."

"Muda wote?"

"Nyumba ikidai muda wote, basi muda wote."

Nakiete aliigeukia nyumba-gari. Mngurumo wa mashine ya hewa ulisikika kupitia dirishani, usiokatika, wa mchana kutwa na usiku kucha, wati mia tatu.

"Na yakizeeka mnayapeleka wapi?"

Macho ya Gwakisa, bila yeye kutaka, yaliangukia ile katoni.

Nakiete alifuata macho yake. Alikumbuka rangi ya kijivu na zile chengachenga. Alikumbuka asubuhi zote za kumimina, na siku uji ulipommwagikia mkononi akaufuta kwa sketi.

"Mnayasaga," alisema. "Mnayalisha yenyewe."

"Ni protini ileile," Gwakisa alisema kwa sauti ndogo. "Hayakui kwa chakula kingine. Dada, mimi nina nyumba arobaini kwenye kambi hii. Hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza."

"Chukua katoni yako."

"Na mzee?"

Hakuwa ameuliza kwa ubaya. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Nakiete aliinua mkono kumfukuza, mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka ukaivuta katoni karibu na kiti chake. Gwakisa alivaa kofia akaondoka bila kuaga. Nakiete alikaa na katoni miguuni, akijiona mchafu kuanzia kwenye kucha.

* * *

Alimwambia baba yake mchana huohuo, maneno yote, pamoja na ya uji. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea mito, akivuta hewa kwa mafungu.

"Nyama," alisema mwishowe. "Nimekula nyama miaka sabini, Nakiete. Hujawahi kunililia ng'ombe."

"Ng'ombe anachinjwa mara moja, Baba. Hili linachinjwa kila dakika na halifi."

"Wewe unazidisha."

Hakubishana naye. Alivuta sanduku hadi usawa wa kitanda, akafungua kifuniko, akamwomba aweke kiganja. Mzee alikunja uso kwa harufu, lakini hakuwa mtu wa kukataa changamoto. Aliweka kiganja chake chenye mabaka meusi ya mgodini juu ya ile nyama yenye ute. Ilitulia chini ya mkono wake. Joto la mkono huenda liliipendeza.

Nakiete aliinuka akatembea kuelekea jikoni.

Hakuwasha kitu. Alipogeuka, baba yake alikuwa ameshauondoa mkono, ameushikilia kifuani kana kwamba umeungua, ute ukichuruzika hadi kwenye shati.

"Birika lisiwashwe tena," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na friji. Zima friji."

"Nimeshaizima." Alingoja. "Na mashine?"

Mzee alitazama mrija wake, akautazama ukuta, akatazama kila mahali isipokuwa sandukuni.

"Mashine usizime," alisema. "Mimi si mtu mwema kiasi hicho, mwanangu. Nisamehe. Nataka kuishi."

Nakiete alichukua kitambaa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumfuta kiganja kidole kwa kidole. Alitamani baba yake awe amesema jambo jingine, akaona aibu kwa kulitamani. Kama mzee angesema izimwe, yeye asingeizima. Hilo alilijua vizuri kabisa. Angeendelea kumimina uji ule huku akijisifu kuwa na baba mcha Mungu.

"Kuna hospitali ya mlimani," alisema baada ya muda. "Umeme wao ni wa maji ya mto. Wana wodi ya mapafu."

"Wodi aliyofia mama yako."

"Ndiyo."

"Ndugu hawaruhusiwi kulala. Mnatazamana Jumapili kupitia kioo. Ukiingia pale hutoki."

"Najua, Baba."

"Na dizeli? Dizeli tumeiweka ya kwenda Usangi Desemba, kwenye kaburi lake. Tuliahidi."

"Tukitembea kilomita mia moja na arobaini za mlima, ya Usangi haitabaki. Nimeipigia hesabu. Nikiwasha injini hapahapa tulipo, umeme wa altaneta yake utaendesha mashine yako siku nne, halafu basi. Ikitufikisha mlimani, mashine itaendeshwa na mto mpaka mwisho wa siku zako."

Mzee alifumba macho. Chini, ndani ya sanduku, palisikika tone likidondoka, na ile sauti ya kumeza.

"Funika dude hilo," mzee alisema bila kufumbua macho. "Funika, nisilisikie. Halafu kesho asubuhi uwashe gari, kabla sijapata akili ya kukataa."

* * *

Waliondoka saa moja asubuhi. Injini ilipowaka na altaneta ikatulia, Nakiete alihamishia mashine ya hewa kwenye inveta ndogo ya zamani ya gari, akaangalia taa ya kijani mpaka akaridhika, kisha akazunguka hadi ubavuni akauchomoa waya wa sanduku kutoka kwenye soketi. Mita ilisoma sifuri. Kwa mara ya kwanza tangu lianze kazi, hakuna aliyelidai Ini kitu.

Njia ilikuwa mbaya. Mara mbili alilazimika kushuka kusogeza mawe, na mara moja mrija wa baba yake ulichomoka kwenye kona, akasikia mzee akikoroma nyuma, akafunga breki katikati ya barabara akamkimbilia. Saa saba walipita juu ya vumbi. Lilibaki chini yao, la kahawia, limetanda bila ukingo, na jua lilikuwa na makali ambayo walikuwa wameyasahau. Mzee aliomba kuketishwa dirishani. Alitazama miti ya kijani kama mtu anayetazama watu waliomdhulumu.

Walipopumzisha injini karibu na kijito, ilhali mzee yuko kwenye mtungi wa akiba kwa dakika kumi, Nakiete alifungua sanduku. Ini lilikuwa katikati ya maji, limejinyoosha. Halikutetemeka. Vijimawimbi vya ngozi vilikuwa vimekwisha, na rangi yake ilikuwa nyekundu safi aliyokuwa hajawahi kuiona. Lilikuwa bado linanuka. Lilikuwa bado linatia kinyaa. Alikuwa ametegemea kwamba huruma ingeondoa kinyaa, naye akashangaa kuona vyote viwili vimekaa pamoja, kila kimoja mahali pake.

Wazo la kuliacha hivyo, kwa amani, bila mzigo, lilimjia. Lakini kula lingekula nini? Katoni ilikuwa palepale, na katika kila chupa kulikuwa na wenzake. Na mwisho wa mwezi Gwakisa angelifuata popote, kwa kuwa lilikuwa mali ya kampuni, na angelichomeka kwenye nyumba nyingine.

Hospitali walifika saa kumi. Muuguzi mkuu aliyewapokea, mwanamke mwenye miwani mizito, alimtazama mzee, akatazama kucha zake zilizoanza kuwa za bluu, hakuuliza maswali mengi. Mzee Elinihaki aliingizwa wodini kwa kiti cha magurudumu. Mlangoni alimshika bintiye kidole gumba, kama alivyokuwa akimshika sokoni alipokuwa mdogo.

"Jumapili," alisema.

"Jumapili, Baba. Nitakuwa mbele ya kioo kabla hawajafungua."

"Na lile la chini ya kitanda?"

"Nalishughulikia sasa hivi."

"Nakiete." Alivuta hewa, akavuta tena. "Usilitupe tu."

Alipata ndoo mbili za barafu kutoka jikoni mwa hospitali. Aliwaambia ana nyama inayotaka kuharibika, na hakuwa amedanganya. Alijua kutoka kwa wavuvi wa ziwani kwamba samaki akiwekewa barafu polepole husinzia kabla ya kufa. Alijua pia kwamba akilikatia chakula Ini lingechukua siku nyingi, na akiunganisha waya zake mbili lingekwisha kwa pigo moja la woga mkubwa kuliko wote. Aliegesha gari nyuma ya ukuta wa chumba cha kufulia, akafungua milango hewa ipite, akaanza kuweka barafu, konzi baada ya konzi, huku akingoja kila mara maji yapoe.

Ilichukua karibu saa nzima. Muda wote mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani, juu ya ile nyama, vidole vimekufa ganzi. Ute uliganda ukawa kama gundi. Ini likapungua joto, likawa gumu kidogo kidogo, na mara moja tu, karibu na mwisho, likajisogeza. Halikujikunja kwenda upande wa mbali kama ilivyokuwa desturi yake, lilijisogeza chini ya kiganja. Pengine ni barafu tu iliyolisukuma. Alibaki hapo mpaka akawa na hakika kwamba limekufa. Kisha akalizika nyuma ya ukuta, akamwaga uji wote shimoni juu yake, akasugua mikono kwa udongo badala ya sabuni, na hata hivyo harufu haikutoka.

* * *

Jua lilikuwa bado halijazama alipowasha redio ya kuongelea na kuitafuta kambi. Alikuwa amejipangia maneno. Angewaambia wa nyumba zote arobaini: habari ya fahamu ya punje ya mchele, habari ya nyayo, habari ya uji. Angewafundisha kupima kwa mita. Aliamini kwamba mtu akijua, ataona kinyaa, na akiona kinyaa, atatafuta njia.

Aliyeitika ni Mama Niendiwe, jirani yao wa gari la bluu, mwanamke wa makamo aliyewaletea mboga kila Ijumaa na aliyekuwa akikaa na mzee kila Nakiete alipoitwa kazini mbali.

"Mmefika salama? Baba anapumua?"

"Anapumua, mama. Sikiliza. Zima birika lako kwanza, halafu nisikilize. Nina jambo kuhusu Ini."

Akaeleza. Hakuruka kitu. Redio ilikwaruza, akadhani mawasiliano yamekatika.

"Mama Niendiwe? Umenisikia? Linajua. Linaogopa ukikaribia."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Basi waambie wengine."

Kutoka upande wa pili Nakiete alisikia mlio wa feni, na redio ya watoto, na maji yakianza kuchemka.

"Tunajua, Nakiete," Mama Niendiwe alisema. Sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa ya uchovu tu. "Karibu kila gari linajua. Langu linatetemeka mpaka kitanda kinacheza. Tulidhani na wewe unajua, wewe fundi. Sisi tunaliwekea taulo juu."

"Taulo?" Nakiete alishika redio kwa mikono miwili. "Mama, halina macho. Taulo litalisaidia nini?"

"Taulo si kwa ajili yake," Mama Niendiwe alisema, akazima.